Mto wa laki na mto wa usufi: nimeilalia yote miwili

Nina wiki 36 na siku mbili. Ni saa tisa na nusu usiku, nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimetoka chooni mara ya nne tangu isha, na feni imenyamaza kwa kuwa umeme umekatika. Joto la Tanga mwezi wa pili wenyewe mnalijua. Kaskazi inavuma, naisikia kwenye minazi ya jirani, ila dirishani kwangu haiingii, sijui nimeikosea nini. Kwa vile usingizi umeshakatika, ngoja nitimize ahadi niliyowapa wenzangu wa benchi la kliniki: habari ya mito miwili niliyonunua, upi umenifaa na upi umenila hela.

Nianze na mnunuzi, maana mto ulionishinda mimi kwa mwingine unaweza kuwa pepo. Nina miaka 31, hii mimba ya pili. Nakaa Ngamiani, chumba na sebule, kitanda futi tano kwa sita, mume mmoja mwenye mabega mapana, na mtoto wa miaka minne ambaye kitanda chake anacho lakini alfajiri humkuti huko. Mchana niko kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, naandika risiti za saruji na mabati juu ya kiti cha plastiki. Likizo ya uzazi ni siku 84, na sheria inaniruhusu kuianza wiki nne kabla ya tarehe, lakini naona kila siku nitakayoila sasa hivi nitakuwa nimempunja mtoto baadaye. Nimekaza niende hadi wiki ya 38. Mtu wa hesabu kama hizo usiku lazima alale.

Na usingizi wenyewe ulinihama wiki ya 27. Nikilala chali pumzi inakuwa fupi kama niliyepanda ghorofa na ndoo kichwani. Nikigeukia kulia, kiungulia kinapanda hadi kooni. Nikigeukia kushoto kiungulia kinatulia kidogo, lakini nyonga inawaka moto, na magoti yanagongana mfupa kwa mfupa. Kliniki nesi alituchorea kwenye ubao: nyuma ya mfuko wa uzazi, pembeni mwa uti wa mgongo, unapita mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Tumbo likishakuwa kubwa, ukilala chali uzito wote unaulalia ule mshipa, ndiyo maana unasikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Akasema kuanzia wiki ya 28 tulale ubavu, kushoto au kulia, na ukishtuka umejikuta chali ugeuke tu uendelee kulala, usianze kulia na kujihukumu. Mimi nilikuwa nimeshalia tayari, tena mara mbili wiki hiyo hiyo. Mara ya pili nililia kwa sababu muuza bajia alikuwa amefunga.

Wiki mbili za mwanzo nilijaribu vya nyumbani. Mto wa sofa: unateleza, asubuhi uko chini ya kitanda. Blanketi lililokunjwa: joto. Mgongo wa mume wangu: unakoroma. Ndipo nikaingia mtandaoni.

Huo wa kwanza ni ule wenye umbo la herufi U, mtakuwa mmeuona kwenye picha, mama kijacho wa kizungu amelala katikati yake kama lulu kwenye chaza, anatabasamu. Niliuagiza kwa duka moja la mtandaoni la Dar, silitaji jina, maana ninayo ya kuwasema kidogo. Bei haikuandikwa, imeandikwa "njoo inboksi". Nikaenda inboksi. "Karibu mpenzi, 95,000." Nikachagua wenye foronya ya pamba rangi ya krimu. Nikatuma hela, nikaongeza 8,000 ya basi. Siku ya tatu mzigo ukafika stendi, mume wangu akaufuata, akarudi na kifurushi kidogo bapa, anakicheka. "Laki yako hii hapa." Kumbe walikuwa wameufyonza hewa. Tukakata naili, ukaanza kujaa polepole kama unga wa maandazi, na hadi kesho yake adhuhuri ndiyo ukawa mto. Harufu ya plastiki ilikaa siku nne.

Na foronya? Mahameli. Ya kijivu. Mahameli, Tanga, mwezi wa kumi na mbili. Nilipowaandikia wakanijibu, "Pole mpenzi, za pamba ziliisha, hii ndiyo inapendwa sana na wateja wetu." Wateja wa wapi, sikuuliza. Kuurudisha ilikuwa kwa gharama zangu.

Sasa nitende haki, maana mto wenyewe una akili. Kichwa kinakaa kwenye mkunjo wa juu, mkono mmoja wa U unapita mbele, unabeba tumbo na kuingia katikati ya magoti, na mkono wa pili unakuzuia mgongoni. Uzuri wake ni kwamba ukitaka kugeuka kutoka kushoto kwenda kulia huhami na kitu chochote, kule nako kuna mto unakusubiri. Siku ya tatu mvua ilinyesha usiku kucha, kukapoa, nikalala kutoka saa nne hadi kumi bila kugeuka. Niliamka nikamwambia mume wangu nitamwita mtoto jina la lile duka. Nyonga haikuuma. Kwa mtu mwenye kiyoyozi na kitanda cha futi sita kwa sita, na mume aliye safarini, kwa kweli huu mto simkatazi.

Lakini mvua ilikatika. Ule ujazo wake ni nyuzi za plastiki, na juu mahameli, kwa hiyo unakuwa umelala katikati ya majiko mawili, moja mbele moja nyuma. Saa saba usiku naamka shingo imelowa, gauni limelowa, hadi mto wenyewe una unyevunyevu. Pili, choo. Nani aliyebuni mto wa mjamzito akasahau kwamba mjamzito anakojoa? Kutoka kwenye ile U ni kama kushuka kwenye mtumbwi uliojaa: unainua mguu, unashika ukingo, unajisukuma, mtoto tumboni naye anaamka na kukusindikiza kwa mateke. Mara nne kwa usiku. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya arobaini nilikuwa nautukana mto kwa jina la fundi wake.

Tatu, mume. Kitanda cha futi tano, mto umechukua tatu, mimi niko ndani ya hizo tatu. Yeye alibaki na kipande cha ubao wa pembeni, na kichwa chake kaegesha juu ya shati lililokunjwa, kwa kuwa mto wake wa kawaida nao ulikuwa umehamia chini ya miguu yangu iliyovimba. Hakusema kitu. Mwanamume wa Kitanga akinyamaza siku tisa ujue anasema sana.

Nne, kuufua. Hauenei kwenye beseni lolote nililonalo. Nilifua foronya peke yake, zipu ikaachia ndani ya wiki ya tatu. Mtoto akaumwagia uji, ikabidi kipande nikisugue kwa sabuni, na kwa unyevu wa huku kwetu ulichukua siku tatu kukauka, tena ukabaki na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Siku hizi unaishi sebuleni. Mwanangu anauita boti. Kwa kazi hiyo umefaulu sana.

Wa pili ulianzia kwa mama mkwe. Alikuja kunitazama Jumapili moja, akanikuta nimeketi sakafuni nimeegemea kitanda, macho mekundu. Akautazama ule mto wa U, akaubonyeza kwa kidole, akaguna. "Mwanangu, hiki ni kitu cha nchi ya baridi. Sisi tulilalia usufi." Mimi kusema kweli usufi niliuona wa kizamani, mito migumu ya kwa bibi yenye mbegu zinazokuchoma shavu. Akaniambia mbegu ni uvivu wa fundi, usufi uliochambuliwa hauna mbegu. Akamtaja fundi wake, hapa hapa Ngamiani kwenye zile barabara za namba, akasema niende na futi yangu kabisa.

Kwa mliokulia mbali na misufi: ni ile miti mirefu iliyonyooka yenye matawi kama mikono iliyotandazwa, inaangusha makasha ya kahawia yakipasuka yanatoa nyuzi laini za krimu. Nyepesi ajabu, zinateleza mkononi kama hariri. Kila uzi ndani ni mtupu, una hewa, na una nta kidogo kwa juu, ndiyo sababu maji hayaingii upesi. Zamani nyuzi hizi zilijazwa hata kwenye maboya ya mabaharia.

Fundi nilimkuta barazani ameketi mbele ya kilima cheupe, ana fimbo mbili, anaupiga usufi mbegu zidondoke chini. Kanzu yake, kofia, nyusi, vyote vimekuwa vyeupe. Alinitazama tumbo kwanza ndipo akanitazama uso. "Mama kijacho, simama huko upepo unakotoka, hili vumbi si lako." Nikasimama ng'ambo, tukawa tunapigiana kelele barabara nzima ikisikia. "Wa kuegemea au wa kukumbatia?" Nikasema wa kukumbatia, na upite katikati ya magoti. Akaniuliza urefu wangu, akaniuliza nalala upande gani zaidi, akaniuliza kama mume wangu yupo. Nikamuuliza mume anahusikaje na mto. Akajibu, "Upana, dada. Nikiushona mnene mtagombana." Duka la mtandaoni halikuniuliza hata moja katika hayo.

Tukakubaliana futi tano urefu, mduara, unene kama paja langu la siku hizi, kichwa kimoja kijazwe kidogo ili kiwe bapa kiingie chini ya tumbo, na katikati kijazwe sawasawa kwa ajili ya magoti. Usufi kilo tatu kwa 7,000 ni 21,000. Kitambaa cha marekani cha ndani mita mbili, 8,000. Ufundi 7,000. Jumla 36,000, na bajaji ya kurudia 2,000. Foronya nikaleta mwenyewe, upande mmoja wa kanga yangu ya zamani iliyofuliwa ikawa laini kama karatasi ya shashi.

"Njoo Ijumaa baada ya swala," akasema. Nikaenda Ijumaa baada ya swala. Kilima cha usufi kipo pale pale, mto haupo. "Nilisema Ijumaa, sikusema hii." Khaa! Nilikuwa na wiki 31, miguu imejaa kwenye kobazi kama maandazi kwenye mafuta, nikahisi machozi yanakuja tena. Mke wake akatoka ndani na kiti na maji ya kunywa, akamtazama mumewe mara moja tu, basi. Jumatatu mto ulikuwa mlangoni kwangu, na bajaji alilipa yeye. Kwa hiyo kwangu ulisimama 36,000 kamili.

Usiku wa kwanza niliulalia kwa mashaka. Mzito kidogo kuliko wa plastiki, na hauhamihami: ukiuweka mahali unakaa. Nikaingiza kile kichwa bapa chini ya tumbo, nikausikia uzito wa tumbo unapokelewa, kama mtu aliyekuja kukusaidia ndoo bila kuitwa. Katikati ukapita baina ya magoti hadi kwenye vifundo vya miguu, hiyo nayo ni siri, kifundo nacho kiinuliwe, la sivyo nyonga inajipinda. Sehemu ya juu nikaikumbatia. Saa saba nilipoamka kwenda chooni niligundua kitu: shingo kavu. Nikausukuma mto kando kwa mguu, nikateremka. Sekunde tatu. Niliporudi nikauvuta kwa mguu huo huo. Ukitaka kugeuka ndiyo kuna kazi kidogo, inabidi uuvushe juu ya tumbo kwenda upande wa pili, lakini futi tano za usufi si gunia la mchele. Usiku huo sikuamka tena hadi adhana.

Sasa foronya. Kanga niliyoitoa ilikuwa na jina, "Japo sipati tamaa sikati", na fundi kwa ustadi wake alishona jina likatokea upande mmoja, limenyooka, kila herufi inasomeka. Nikilala kushoto, jina linamtazama mume wangu. Wiki nzima alilala analisoma akicheka peke yake gizani. Nilipomuuliza akasema fundi yule ni mtu mzima, anajua anachofanya.

Mabaya ya usufi nayo nisiyafiche. Baada ya wiki tatu pale katikati ya magoti pakashindiliwa, pakawa pagumu kama mpira wa makaratasi. Dawa yake ni jua: asubuhi unautandika kwenye mkeka, unaugeuza saa sita, unaupigapiga kwa kiganja, na alasiri unarudi umefura. Mimi huanika kila Jumamosi. Usufi wenyewe haufuliwi, usithubutu, unafua kanga peke yake. Vumbi pia, siku mbili za mwanzo nilipiga chafya, na kama una pumu ungefikiri mara mbili. Na moto! Usufi unashika moto upesi kuliko unavyodhani, kwa hiyo usiku kama huu wa kukatika umeme mshumaa wangu uko juu ya meza sebuleni, karibu na mlango wa choo, si kando ya kitanda. Mwisho, huu ni mto wa mama. Mtoto akizaliwa haulazwi pembeni yake, kitu laini namna hii si cha kuwa karibu na pua ya mtoto mchanga. Nitautumia nikiwa macho, nimeketi, kuupakata wakati wa kunyonyesha.

Maana kuna watu watasoma hapa watadhani mto unamaliza yote, niseme pia ambayo haukunisaidia. Kiungulia: kile ni mambo ya homoni kulegeza mlango wa tumbo kwa juu, na mtoto kusukuma kwa chini. Mto wa kukumbatia utafanya nini? Mimi nilichofanya ni kula kidogo kidogo, chakula cha usiku saa kumi na mbili na nusu, na mume wangu akaingiza tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Hapo usufi ulishinda tena, kwa sababu ile mahameli kwenye mteremko iliteleza usiku kucha kuelekea miguuni, na kanga haitelezi. Machungwa ya Muheza ndiyo yaliyonitia majaribuni. Nesi kasema ili vidonge vya kuongeza damu vifyonzwe vizuri mwilini, vimezwe na kitu chenye vitamini C, wala visimezwe na chai wala maziwa. Machungwa ndiyo hayo, kilo na kilo. Lakini chungwa moja usiku na koo langu linawaka hadi alfajiri. Nikahamisha vidonge mchana, saa sita, kazini, na chungwa moja. Chai ya rangi niliyokuwa nashushia chapati saa nne nikaisogeza mbali navyo. Amani ikarudi.

Misuli kunibana kwenye shavu la mguu, ile ya saa kumi alfajiri inayokufanya upige yowe nyumba nzima iamke: huo nao hauna mto. Unyooshe mguu, uvute vidole vya mguu kuelekea kwako, usivinyooshe mbele kama mcheza ngoma. Mume wangu sasa anajua, anausikia ule mlio anashika wayo wangu akiwa bado amefumba macho.

Na kuna usiku mmoja, wiki ya 34, ambao nautaja kwa makusudi. Kichwa kilinishika tangu magharibi, dawa ya maumivu niliyoruhusiwa haikugusa, vidole vikavimba hadi pete ikakataa kutoka, na nikitazama taa naona vinyota. Nilitaka kulala. Nilikuwa nimeshaukumbatia mto, najiambia ni joto tu na uchovu wa kaunta. Mume wangu ndiye aliyeutoa mto mikononi mwangu, akasema, "Inuka, huu si usiku wa mto." Saa tano tuko kwenye bajaji. Wakapima presha, wakapima mkojo, wakamsikiliza mtoto. Presha 118 kwa 76, mkojo safi, mtoto anacheza. Mkunga wa zamu hakunicheka wala kunikaripia kwa kumwamsha, akaniambia nimefanya vema na siku nyingine nisingoje kutoka magharibi hadi saa tano. Akanihesabia vidoleni: kichwa kikali kisichotulia, macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba kwa ghafla, maumivu makali ya juu ya tumbo, damu, maji kuvuja, mtoto kupunguza kucheza. Kimoja tu kinatosha kukutoa nyumbani. Kifafa cha mimba hakisubiri asubuhi. Saa nane usiku nilirudi kwenye usufi wangu nikalala kama jiwe.

Kazini nako, kwa kuwa mtaniuliza: fundi alibakiwa na usufi kidogo kwenye kilo zangu tatu akanishonea kimto cha mgongo bure, kama sahani kubwa. Hicho kiko kwenye kiti cha plastiki. Tumbo likianza kukaza na kuachia, ule uchungu wa uongo, najua sasa: nakunywa maji, natembea hadi kwenye mabati na kurudi, nakaa na kimto changu, linapoa. Bosi wangu alikikalia siku moja nikiwa chooni. Kaniuliza fundi ni nani.

Kitu kimoja kizuri, halafu niwape nyota. Saa tatu usiku ndiyo saa ya huyu mtoto kucheza, huwezi kumwekea saa. Mwanangu wa kwanza anajua, anakuja anajilaza upande wa pili wa mto, anapenyeza mkono baina ya kanga na tumbo langu, anasubiri kimya, yeye ambaye hajawahi kunyamaza dakika moja tangu azaliwe. Teke likija anautoa mkono haraka kama aliyeungua, anatazama kiganja, kisha anaurudisha. Juzi akaniambia, "Mama, anataka kutoka apande boti."

Mto wa U wa mtandaoni: nyota mbili na nusu. Umbo nyota nne, mahameli sifuri, majibu ya inboksi sifuri. Ukiupata wenye pamba na una kitanda kipana, ongeza nyota moja. Mto wa usufi: nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimekata kwa vumbi na kwa ile Ijumaa.

Umeme umerudi, feni inazunguka. Mume wangu amegeuka, na sasa kwa mwanga wa taa naona bado analalia lile shati lililokunjwa. Jana jioni, nasikia kwa mama mkwe, alipita kimyakimya kwa fundi akaagiza mto wa usufi wa kwake, mdogo, wa kichwa. Fundi kamwambia aufuate Ijumaa.